Mpagazi wa Nyuma

Mwaka ule tulikula yanga. Wa kabla yake tulikula mtama, na wa kabla ya huo tulikula tukashiba, kwa hiyo hakuna aliyeupa jina. Unga wa yanga ulikuwa wa mahindi ya njano, ulikuja kwa treni ndani ya magunia, nao ulikuwa na harufu yake: harufu ya gunia lililolala sana melini, vumbi na mafuta yaliyochacha, harufu iliyoingia nyumbani kabla ya mwenye gunia. Ukiusonga ugali wake chungu kinanuka mpaka kesho yake. Tuliula kwa mlenda, tukaula kwa chumvi, na siku nyingine hatukuula kabisa, maana ulikuwa wa foleni na foleni ilikuwa ndefu kuliko magunia. Mtu wa rika langu ukimwuliza alizaliwa lini atakutajia mwaka. Mwulize aliacha lini kuwa mtoto, atakwambia alikuwa anakula nini. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa nakula yanga.

Nayaandika haya kwa sababu ya televisheni. Usicheke. Shule niliishia darasa la nne, mwandiko wangu unapinda kama njia ya mbuzi, lakini nina mjukuu anaitwa Tausi, yuko Dar es Salaam, na kazi yake ni kutunga tamthilia za televisheni. Si hizi za wake wenza kumwagiana maji ya moto. Yeye anatunga zile za watu wa kesho kutwa, wanaoishi kwenye nyota, wanaopanda vyombo vya chuma na kuzungumza na mashine nazo zikawajibu. Tamthilia yake mpya bado haijaanza kuonyeshwa. Kimetoka kionjo tu, cha dakika moja, na hapa mtaani kwetu Isevya, mjini Tabora, watu wamekiangalia kwenye simu mpaka wamekikariri. Watoto wakipita mlangoni kwangu wananihesabia siku: "Bibi, zimebaki kumi na tisa!" Kesho yake: "Bibi, kumi na nane!" Mimi ni mwanamke mwenye majivuno na sioni haya kusema. Siku kionjo kile kilipoonyeshwa kwenye televisheni ya jirani nilivaa kitenge kipya nikakaa kiti cha mbele, kwa sababu hadithi ile ni ya nyumbani kwetu. Tausi aliipata kwangu, na mimi niliipata kwa mama mzaa baba, Bibi Mwashi wa Usoke. Ila Tausi hana mwisho wake. Mwisho ninao mimi, yeye anautaka, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Usoke ni kijiji cha reli, na wakati ule kama sasa kilikuwa kijiji cha tumbaku. Jambo la kuchekesha, kama una moyo wa kucheka, ni kwamba mwaka wa njaa tumbaku ilistawi. Mahindi yalikufa yakiwa na ndevu changa, lakini tumbaku ikasimama na majani mapana kama masikio ya tembo. Kijani pande zote, na hakuna hata jani moja la kutia chunguni. Asubuhi majani yanachumwa, mchana wanawake na watoto tunakaa mbele ya bani, ile nyumba ndefu ya matope ya kukaushia tumbaku, tunayafunga kwenye fito kwa kamba, matatu matatu, ufito ukijaa unapandishwa juu. Utomvu wake unaganda mikononi, mweusi kama lami. Hautoki bila sabuni, na sabuni yenyewe ilikuwa wapi? Ukimega ugali kwa mkono ule, tonge linakuwa chungu. Basi nikisema naikumbuka ladha ya mwaka ule nasema yanga na tumbaku pamoja, kinywani, katika tonge moja.

Kazi ile inaua akili, ndiyo maana Bibi Mwashi alikuwa anasimulia. Najua wengi mliambiwa utotoni kwamba hadithi za mchana huotesha pembe. Sisi pia tuliambiwa, ila Bibi alisema hizo ni hadithi za kukaa, za sungura na fisi. Yake ilikuwa hadithi ya njia, na hadithi ya njia husimuliwa mchana kwa kuwa wenyewe waliisimulia wakitembea. Baba yake alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka pwani, akarudi na marobota ya nguo, begani, kwa miguu, miezi na miezi. Bega lake la kushoto, Bibi alisema, lilikuwa na nundu kama ya ng'ombe. Katika misafara ile hadithi moja ilianza siku ya kuondoka na kumalizika siku ya kutua mizigo nyumbani. Kila siku ilikatwa pale kambi ilipopigwa, hata ikiwa katikati ya neno. Na ilikuwa na mwiko mmoja. Mtu mliyeanza naye hadithi akibaki nyuma, kwa homa, kwa mguu, kwa lolote, hadithi inasimama pale alipoiachia. Haimalizwi mpaka afike. Ukiimaliza umesema msafara umeingia, kila mtu ametua, hakuna anayengojewa tena. Umemfungia njia mwenzako. Watu husema asiyekuwapo na lake halipo. Bibi Mwashi alikuwa akiisikia methali hiyo anatema mate. "Katika nyumba hii," alisema, "asiyekuwapo ndiye wa kwanza kuwekewa sahani."

"Mzigo?" anaita Bibi. "Begani!" tunaitikia, na Baba kwa sauti kuliko sisi sote. Ndivyo ilivyoanza kila siku. Kiitikio cha "Chini!" kilitunzwa kwa siku ya mwisho peke yake, na mtoto aliyekitamka kabla ya wakati alipigwa kofi. Hadithi ya msimu ule ilikuwa ya msafara wa kwenda juu. Nchi moja ilikaukiwa na maji mpaka vyura wakahama, na mtemi wake akaambiwa kwamba maji yote yamekwenda kukaa kwenye nyota, ile inayotangulia jua asubuhi. Akachagua wapagazi arobaini wapande wayafuate. Huko juu, alisema Bibi, hakuna hewa ya kuvuta, kwa hiyo kila mpagazi alibeba pumzi yake ndani ya kibuyu, akiifyonza kwa mrija wa tete. Hakuna uzito, kwa hiyo walifungana viunoni kwa kamba ya gome la mti wa mtundu wasije wakapeperuka kama sufi. Hakuna mchana wala usiku, kwa hiyo walibeba kipande cha jua ndani ya kapu na kukifunika walipotaka kulala. Walikuwa na ngoma iliyolia kabla ya kupigwa, ikiwaonya. Mwanamke yule hakujua kusoma hata jina lake. Televisheni hakuwahi kuiona. Mwalimu wa kijiji alipomwambia kwamba kuna watu wamefika mwezini kweli, wamevaa mavazi makubwa na wamebeba hewa mgongoni, Bibi hakushangaa hata kidogo. Aliuliza jambo moja tu: "Nani alikuwa wa nyuma?"

Kwa sababu katika hadithi yake mtu mkubwa hakuwa kirangozi aliyetangulia na ngoma. Alikuwa mpagazi wa nyuma, ambaye kazi yake ni kuangalia kwamba hakuna aliyeanguka. Baba yangu, Maganga, alimpenda sana mtu huyo. Baba alikuwa mrefu, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, mtu wa kucheka kabla mzaha haujakwisha. Alikuwa akipasua kuni za bani huku akisikiliza, na hadithi ikinoga shoka linasimama hewani. Siku moja Bibi akaufikisha msafara kwenye mto usio na maji, mto wa giza, mawe yanaelea ndani yake kama mapovu. Wote wakavuka. Wa nyuma akiwa bado katikati, kibuyu chake kikapata ufa, pumzi ikaanza kuvuja. Akajifungua kamba kiunoni asije akawavuta wenzake, akawapungia mkono: nendeni. Bibi akafunga jani la mwisho kwenye ufito wake, akasimama, akapangusa kanga. "Kambi," akasema.

Tulipiga kelele. Baba alipiga kelele zaidi. "Mama! Huwezi kumwacha mtu hapo!"

"Nimeweza," Bibi akajibu. "Kesho ni siku."

Lakini kesho yake unga ulikwisha, na Baba akasafiri. Shangazi yangu alikuwa ameolewa Tura, upande wa pili wa Tabora, kituo cha reli pia, na habari zilisema kule makopa yanapatikana, ile mihogo mikavu inayokaa miaka. Baba akachukua debe la asali akabadilishane. Siku nne, alisema, tano zikizidi. Bibi hakuifurahia safari ile. Tura iko ukingoni mwa pori ambalo wapagazi waliliita Mgunda Mkali, na baba yake aliacha wenzake wengi humo. Jina lile alilitaja kama wengine wanavyotaja jina la ugonjwa. Baba akamcheka. Akainama, akashika magoti ya mama yake kwa kuaga, akasema, "Mama, msije mkamvusha yule mtu kabla sijarudi." Halafu akanishika mimi sikio. "Wewe Kalunde ndiye askari wangu. Bibi yako akitaka kusema, mzibe mdomo." Tukamsindikiza stesheni. Alipanda behewa na debe lake kichwani, akatupungia mkono kama mpagazi wa nyuma, kwa makusudi, ili tucheke. Tulicheka.

Siku ya tano haikumleta. Siku ya sita pia. Tukiwa banini, watoto tukamzonga Bibi atusimulie kidogo, hata kipande, tuone kama kibuyu kimezibwa. Aliendelea kufunga majani bila kututazama. "Siimalizi," akasema. "Mtu wetu bado yuko njiani." Na alivyosema hivyo, hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Wiki ya pili ndipo gari la sinema lilipopita. Sijui kama watoto wa siku hizi wanaweza kuelewa. Wao kionjo wanakiwasha na kukizima kwa kidole. Sisi kionjo chetu kilikuwa gari lenye kipaza sauti juu ya paa, linapita polepole huku vumbi likilifuata, na mtu ndani yake anatangaza kwamba Jumatano jua likizama, uwanja wa shule, bure, kutakuwa na sinema ya watu waliopanda chombo cha moto wakaenda kukaa kwenye nyota. Kwenye nyota! Mimi nilijua ni hadithi ya Bibi. Sikuona hadithi nyingine inawezaje kuwa. Nikawatangazia watoto wote kwamba tutaona vibuyu, tutaona kapu la jua, tutamwona wa nyuma akivuka. Kwa siku tatu hakuna aliyesikia njaa vizuri. Watu walitoka mashambani mapema, wakaoga, wakaja na vigoda. Jumatano shuka jeupe likatundikwa, jenereta likanguruma, na kwenye shuka akatokea mtu anachimba choo. Akachimba kwa muda mrefu. Akakifunika. Akanawa mikono, akatucheka. Halafu akaja ng'ombe wa kuogeshwa dawa. Halafu taa ikazimwa, tukaambiwa ile ya nyota imekwama mahali, italetwa safari nyingine. Mzee mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Basi tumeona. Hata huko nyotani kumbe watu wanakwenda chooni." Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mimi sikucheka. Niliwaahidi watoto, na wote walinigeukia.

Asubuhi ya Alhamisi, kisimani, walikuwa wananingoja. Zena, binti wa jirani yetu, mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja, mwenye ulimi kama wembe, akaanza: "Kalunde, mtu wako wa nyuma alikuwa yule wa chooni?" Wakacheka. "Bibi yako mwenyewe hajui mwisho. Anawadanganya." Nikasema anaujua. "Wewe je?" Nikasema na mimi naujua. Uongo mtupu. Zena akafungua pindo la nguo yake. Alikuwa na karanga za kukaanga. Sijui kwao walizitoa wapi mwaka ule. Nilizisikia harufu kabla sijaziona, na mate yakanijaa mpaka nikaona haya. "Sema basi," akaniambia, "konzi moja ni yako." Mwenye njaa hana miiko. Nimeisikia methali hiyo ikitumika kumsamehe mwizi wa kuku na mwanamke aliyekimbia mume. Mimi siitumii kujisamehe. Naitaja tu kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Nikasimama juu ya jiwe la kufulia nikasimulia. Nikaupeleka msafara mpaka kwenye nyota. Nikawapa maji, maziwa, viazi, nyama, kila kitu ambacho mtoto mwenye njaa anaweza kukitaja. Watoto walinisikiliza midomo wazi, na nakiri kwamba nilijisikia mkubwa kama Bibi. Nikaita, "Mzigo?" Na wote kwa pamoja, kisima kikarudisha mwangwi: "Chini!" Ndipo Zena akauliza, akihesabu karanga kiganjani mwangu, "Na yule wa nyuma?" Nilikuwa nimemsahau. Katika kushiba kule kote nilimsahau. Sikutaka kurudi mtoni kumchukua, nilitaka kula. Nikasema, "Huyo alibaki."

Karanga zile nilizila zote nikiwa njiani na ndoo kichwani. Zilikuwa tamu. Sitadanganya hapa.

Siku nne baadaye akashuka shangazi yangu kutoka kwenye treni, peke yake, na salamu yake ya kwanza kwa Bibi haikuwa salamu. "Mama, Maganga alifika salama?" Bibi alikuwa ameshika ufito. Hakuuangusha, aliuweka chini taratibu, kama chombo cha udongo. Shangazi akaeleza akiwa amesimama. Mvua zilipiga upande wao, maji yakakata reli, treni hazikuja zaidi ya wiki. Baba alingoja, akangoja, halafu akasema njaa ya nyumbani haimngojei fundi wa reli. Akafunga gunia la makopa, akalitia begani, akashika njia ya zamani ya wapagazi kuelekea Tabora. Aliondoka Jumatano asubuhi. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, mikono yangu myeusi kwa utomvu, nikahesabu kwa vidole. Jumatano. Alhamisi asubuhi nilipoita juu ya jiwe, Baba yangu alikuwa siku ya pili njiani, na mzigo begani.

Wanaume wa Tura na wa kwetu walimtafuta porini kwa siku nyingi. Walichokuta ni gunia. Lilikuwa limetundikwa kwenye tawi la mninga, pembeni ya njia, limefungwa vizuri kwa fundo lake mwenyewe, halikuguswa na mtu wala mnyama. Hakuna damu, hakuna kiatu, hakuna alama ya kuburuza. Wakasema huenda alikwenda kutafuta maji ya kunywa. Wakasema simba, wakasema mengi. Bibi alilipapasa gunia lile kama mtu anavyopapasa uso wa mtoto. "Hakuutua," akasema. "Ameutundika. Anayetundika mzigo anarudi kuuchukua." Makopa yale tuliyala, ndiyo aliyoyaendea. Bibi peke yake hakuyaonja, na tangu siku hiyo sahani moja ilibaki inapakuliwa na kufunikwa kila mlo, hata mlo wenyewe ukiwa wa yanga na chumvi, na sisi watoto tunaitazama.

Miaka ikapita mitano, wazee wa ukoo wakaja. Walitaka kuzika mgomba mahali pa mwili, watu walie, matanga yakae, mama yangu awe huru kuolewa tena. Walisema kwa upole. Bibi aliwapikia, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akawajibu kwa maneno yale yale aliyotuambia sisi banini, wala hakuongeza hata moja. Mama aliolewa hata hivyo, na Bibi mwenyewe ndiye aliyemfungia mizigo. Matanga ya Baba hayajawekwa mpaka leo.

Mimi kisima kilinikaa kooni. Niliogopa kulala, niliogopa karanga; mpaka leo sili karanga. Mwaka ule wa wazee nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikashindwa kuibeba tena siri ile. Nikamfuata Bibi bustanini, nikapiga magoti kwenye matuta ya viazi, nikamweleza yote, jiwe, Zena, konzi, na lile neno: huyo alibaki. Nilitegemea kofi. Nililitaka. Bibi alichimbua kiazi, akakifuta udongo, akachimbua kingine. Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilimwona akiupima wangu, na hakuuona mwepesi. "Mzigo ule haukuwa begani kwako," akasema mwishowe. "Utautuaje mzigo usioubeba? Hukumfungia mtu njia. Ulikula karanga tu." Nikalia pale pale kwenye matuta. Akaniacha nilie, kisha akasema, "Inuka. Viazi havijichimbui."

Alinipa mzigo wenyewe miaka mingi baadaye, akiwa kitandani, hana meno wala macho. Akawatoa watu wote chumbani. Akanisimulia hadithi yote kutoka kwenye vyura mpaka mtoni, na kutoka mtoni mpaka mwisho, kwa kunong'ona, sikioni, na harufu ya tumbaku bado imo kwenye ngozi yake. Alipofika pale pa kuita, hakuita. Alinishika bega la kushoto akalibonyeza kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo. "Sasa ni lako," akasema. Hapo nikaelewa aliniachia nini. Yule mtoto wa kisimani hakuweza kumfungia mtu njia. Mimi wa leo naweza.

Tausi alikuja wiki iliyopita, kwa basi, siku nzima njiani. Alinikuta uani nachambua mlenda.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Huko kwenye nyota hawasongi ugali?"

Alicheka, yale meno ya mbele yaliyoachana, kisha akakaa kwenye kigoda na kicheko kikakatika. Akanieleza mambo yalivyo. Sehemu zote zimekwisha isipokuwa ya mwisho. Wakubwa wake kazini wanaitaka kabla mwezi haujaandama, la sivyo watampa mtu mwingine aimalizie na jina lake litaondolewa. Nikamwambia atunge mwisho wake, si yeye ndiye mtunzi?

"Nimetunga mara tatu, Bibi. Mara namwacha mtoni, mara namvusha kwa muujiza. Yote uongo. Nikisoma mwenyewe naona uongo."

Nilifurahi kusikia hivyo, nikaficha furaha yangu ndani ya mlenda. Nikamwambia, basi ikomee pale pale mtoni, watu wangoje.

"Watakasirika, Bibi. Watu siku hizi hawangoji. Wanataka sehemu zote kwa mpigo, waziangalie wamalize, waulize nyingine."

"Wakasirike. Sisi tumekasirika miaka hamsini."

Akatoa simu, akaniwekea kile kionjo kwa mara nyingine, sisi wawili tu. Nimekwisha kusema nakijua. Vibuyu vimekuwa mitungi ya kioo, gome la mtundu limekuwa waya unaong'aa, kapu la jua limekuwa taa isiyozimika, na sina ugomvi na hayo; Bibi Mwashi angeuliza tu bei ya ile taa. Lakini mwishoni kabisa, sekunde mbili tatu, anaonekana wa nyuma. Mgongo tu. Mtu mrefu, mzigo begani, mtungi una ufa, anageuka nusu na kuinua mkono. Anapunga kama mtu anayetaka uliyebaki stesheni ucheke. Sikumfundisha Tausi kupunga kwa namna ile. Sijawahi kumsimulia habari ya stesheni. Nikamwambia azime.

"Bibi," akasema polepole, "Babu Maganga angekuwa na miaka karibu tisini."

"Hesabu naijua."

"Unaamini yuko hai?"

"Sijui. Wewe unajua?"

Nje watoto walikuwa wanapita wakitoka shule, mmoja akapiga kelele dirishani, "Bibi, kumi na moja!" na wenzake wakaitikia. Nilimtazama mjukuu wangu. Nilimlea mimi, nilimbeba mgongoni kliniki, niliuza vitumbua akasoma, na jina lake kwenye televisheni ndilo jina langu pekee litakaloandikwa mahali popote. Najua kazi ile ni nini kwake. Najua neno moja langu lingemtengenezea, na neno hilo liko hapa, kwenye bega la kushoto, zima kama nilivyopewa. Akawasha simu inase sauti, akaiweka juu ya ungo katikati yetu, akanikazia macho, akaita kama nilivyomfundisha alipokuwa mdogo.

"Mzigo?"

"Begani," nikaitikia.

Akangoja. Nikachukua mlenda uliobaki nikaendelea kuchambua.

"Siimalizi," nikasema. "Mtu wetu bado yuko njiani."